Hadithi za Watoto Waliohama: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Klabu ya Kusoma Jijini Arusha

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, mkutubi au kijana yeyote anayetaka kukaa na watoto wa miaka 9 hadi 14 na kuwasomea vitabu vya watu waliohama: waliokimbia vita, waliofuata kazi, waliozaliwa ugenini na wazazi wa kwingine. Nimeuandika kwa kufuata mazingira ya Arusha kwa sababu ndiko ninakoendesha klabu. Mtu wa Moshi atabadilisha majina ya mitaa, mengine yatamfaa vilevile.

Kabla ya hatua yoyote, niseme ninachokiamini. Mara nyingi vitabu vya aina hii husomwa ili watoto wawaonee huruma watu wa mbali. Siipendi njia hiyo. Huruma ikibaki peke yake humweka msomaji juu na aliyehama chini. Mtoto wa Arusha ana sababu bora ya kuvisoma. Mji wake umejengwa na watu waliotoka kwingine, na pengine kwenye dawati lake hilohilo ameketi mwenzake ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kisomali, Kirundi, Kigujarati au Kiiraqw. Kitabu kizuri humfanya amwone mwenzake huyo kuwa mtu anayetaka mambo, anayeamua, anayekasirika na anayetania. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Ijue kwanza historia ya kuhama ya mji wako

Usipite hatua hii haraka. Mtu anayedhani Arusha ilikuwepo tu hivi ilivyo hawezi kuongoza mazungumzo ya kuhama.

Waarusha wenyewe husimulia kuwa walitoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, wakapanda hadi kwenye miteremko ya Mlima Meru katika miaka ya 1830. Wameru wana masimulizi ya mababu waliotoka Usambara. Hata wale tunaowaita wenyeji, basi, wana safari katika kumbukumbu zao. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1900, na leo boma hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Reli ilifika Arusha mwaka 1929 ikitokea Moshi. Katika miongo hiyo walikuja wafanyabiashara wa Kihindi, mafundi wa Kikalasinga, Wagiriki waliolima kahawa na vibarua kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1942 wakaanza kuletwa wakimbizi wa Kipolandi pale Tengeru, nao nitawarudia katika Hatua ya 8. Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya kimataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, mahakama hiyo iliwekwa hapa hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, na kwa miaka hiyo yote familia za mataifa mengi zikapanga nyumba na kupeleka watoto shule mjini. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yako hapa.

Usiwahutubie watoto haya yote kwa siku moja. Chukua karatasi ya manila, chora Afrika Mashariki na bahari yake, weka nukta kubwa mahali pa Arusha. Kila mtoto achore mstari kutoka mahali fulani hadi kwenye nukta. Hapa kuna kanuni ambayo usiivunje: mstari si lazima uwe wa mtoto mwenyewe. Anaweza kuchora wa jirani, wa mama wa Kondoa anayeuza vitumbua soko la Kilombero, wa fundi baiskeli wa Ngarenaro, au wa mtu wa kitabuni. Wewe kiongozi anza na wako. Kanuni hii humlinda mtoto ambaye wazazi wake hawapendi habari zao zitangazwe, na huwa namchukulia kuwa yupo hata nisipomjua.

Manila hiyo ibaki ukutani. Kila kitabu kipya kinaongeza mstari.

Hatua ya 2: Ruhusa, mahali na watoto

Ukitumia shule, muone mwalimu mkuu, umweleze kwa maandishi unachosoma na saa mtakazokaa. Ukitumia ukumbi au uwanja wa mtaani, anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukitumia maktaba, zungumza na mkutubi mapema, kwa sababu watoto wanaojadili hupiga kelele na wasomaji wengine wana haki yao.

Jumamosi asubuhi, baada ya kazi za nyumbani na kabla ya jua kali, ndiyo saa inayofaa wengi. Dakika 90 zinatosha. Watoto kati ya 10 na 15 ni idadi nzuri, wakizidi hapo wapole hawatasikika. Mikeka inatosha, viti si lazima. Uji au chai na maandazi katikati ya kipindi husaidia kuliko unavyodhani, maana watoto wengi wanakuja bila kunywa chochote.

Kila mzazi aambiwe mapema kuwa mada ni kuhama na kuishi ugenini. Asishtukie mtoto anarudi nyumbani na maswali.

Hatua ya 3: Pata vitabu

Vitabu vya Kiswahili vya watoto kuhusu kuhama ni vichache, hivyo utachanganya vyanzo. Anzia Maktaba ya Mkoa. Halafu tafuta vitabu vya wachapishaji wa hapa nchini kama Mkuki na Nyota na E&D, na vile vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 umekuwa ukiwasaidia waandishi wa Kitanzania kuandikia watoto.

Mtandaoni kuna African Storybook, yenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na StoryWeaver ya India. Hadithi zake zimetolewa kwa leseni huria. Unaweza kuzipakua ukiwa na bando, ukaziprinti kwenye duka la steshenari na kuzigawa bila kuvunja sheria. Vitabu vya kawaida vya madukani havina ruhusa hiyo, kwa hiyo usivitolee kopi kitabu kizima. Nakala moja ukiisoma kwa sauti na kuzungusha picha inatosha klabu nzima.

Kwa vitabu vya nje, mtumie ndugu aliye safarini. Badala ya kumwagiza viatu, mwagize kitabu kimoja.

Hatua ya 4: Chuja

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo.

Mwaka 1990 profesa wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika kuwa kitabu kinaweza kuwa dirisha la kutazamia maisha ya wengine, na kinaweza pia kuwa kioo cha msomaji kujiona. Alikuwa anawatetea hasa watoto weusi wa Marekani, waliopewa madirisha mengi na vioo vichache. Watoto wetu wana tatizo linalofanana nalo, na wana jingine la ziada: wakikutana na Mwafrika aliyehama kwenye kitabu cha nje, kile kioo mara nyingi kimepinda. Anaonekana analia, ana njaa, anashukuru.

Nimewahi kuweka kando kitabu cha picha chenye rangi za kupendeza sana, ambamo msichana mkimbizi hasemi hata sentensi moja mpaka ukurasa wa mwisho, naye anasema asante. Mwandishi bila shaka alikuwa na nia njema, lakini sitaki mtoto yeyote ajifunze kuwa hiyo ndiyo nafasi ya mgeni.

Kabla ya kukubali kitabu, kisome chote peke yako, penseli mkononi, ukijiuliza haya:

Nani anaamua? Tazama kurasa 20 za mwanzo, andika kila uamuzi unaofanywa na mtoto aliyehama, hata mdogo: kuficha kitu, kukataa chakula, kudanganya umri, kuchagua rafiki. Kama hakuna hata mmoja, kitabu hicho kinamsukuma mtoto huku na kule kama mzigo.

Ukiondoa vita na umaskini, tunajua nini kingine juu yake? Anapenda mchezo gani? Anamwonea nani wivu? Anamcheka nani?

Nchi yake ina jina? "Kijiji kimoja Afrika" ni dalili mbaya. Mwandishi aliyefanya kazi yake hujua mto, soko, chakula cha asubuhi na namna mama anavyomwita mtoto akiwa na hasira.

Kichekesho kinatoka wapi? Kama wasomaji wanachekeshwa na matamshi ya mgeni, watoto wako watayabeba matamshi hayo hadi uwanjani na kumtupia mwenzao.

Nani anaokoa? Wema wa mwenyeji si kosa. Kosa ni mwenyeji kuwa ndiye shujaa wa hadithi ya mtu mwingine.

Kuhusu mwandishi, sisemi kwamba lazima awe amehama yeye mwenyewe. Ila ninataka kujua alikaa na nani, alimsikiliza nani, na kama jina la aliyesimulia liko kwenye jalada.

Kisha kuna kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Mfikirie mtoto aliyehama ameketi kwenye mkeka katikati ya wenzake wakati kitabu hiki kinasomwa. Atainua kichwa au atainamisha? Ukiona atainamisha, kirudishe kabatini.

Hatua ya 5: Anza na kitabu kisicho na maneno

Kwa wiki mbili za mwanzo ninapendekeza kitabu cha Shaun Tan wa Australia, kiitwacho The Arrival, kilichotoka mwaka 2006. Baba wa Tan alihamia Australia Magharibi kutoka Malaysia. Kitabu kizima ni michoro. Anayesoma vizuri na anayejikongoja wanaanza mahali pamoja, na hakuna haja ya tafsiri.

Ukurasa wa kwanza wa hadithi una picha ndogo za vitu vya nyumbani: ndege wa karatasi iliyokunjwa, saa, kofia, chungu cha jikoni, mchoro wa mtoto, birika lenye ufa, sanduku la safari. Usiseme lolote. Kipitishe kitabu mkono kwa mkono, kila mtoto ataje kitu kimoja anachokiona. Halafu waambie wafumbe macho, waingie nyumbani kwao kwa mawazo, wachague vitu tisa vya kuchora. Utapata majiko ya mkaa, picha za arusi, madumu ya maji, msahafu, redio, kinyago cha babu. Sasa uliza: sanduku ni moja, linabeba vitatu tu, unachukua vipi? Mjadala unaozuka hapo ni mzito, na bado hujataja neno mkimbizi.

Mhusika mkuu, baba mmoja, anaondoka, anavuka bahari, anafika katika jiji lenye wanyama wasiofahamika na maandishi ambayo Tan ameyabuni mwenyewe. Hakuna msomaji duniani anayeweza kuyasoma. Wape watoto muda wa kuhangaika nayo. Msichana mmoja wa darasa la sita aligeuza kitabu juu chini, akakirudisha, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo na sisi hapa hatujui kusoma, kama yeye." Sikuongeza neno. Kurasa kadhaa mbele yule baba anapata kazi ya kubandika matangazo, anayabandika juu chini, anafukuzwa kazi. Watoto hucheka, kisha baadhi yao wanaacha kucheka kabla ya wengine. Waulize kila kundi lilikuwa linafikiri nini.

Mwishoni familia yake inamfuata, na binti yake anamwonyesha njia mgeni mwingine. Uliza swali moja tu: alimwonyeshaje, na wao hawana lugha moja? Waigize.

Hatua ya 6: Kusoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza kwa Kiswahili

Kitabu cha pili ninachokitumia ni When Stars Are Scattered cha mwaka 2020. Ni cha picha, kimeandikwa na Omar Mohamed pamoja na mchoraji Victoria Jamieson, na kinasimulia utoto wa Omar mwenyewe katika kambi ya Dadaab akiwa na mdogo wake Hassan. Dadaab iko Kenya. Ilianzishwa mwaka 1991 kupokea waliokimbia vita vya Somalia. Watoto wengi wanapochora mstari wake kwenye manila hushangaa ulivyo mfupi, kwa sababu wamezoea kudhani wakimbizi ni habari za Ulaya kwenye televisheni.

Kutafsiri papo kwa papo mbele ya watoto kunachosha na kunaharibu utamu. Kaa nacho usiku mmoja kabla. Bandika vikaratasi vyenye gundi kwenye kurasa utakazosoma, uandike Kiswahili chako humo. Tumia Kiswahili cha nyumbani, kile ambacho mama angemwambia mtoto wake, usitumie cha taarifa ya habari. Majina yabaki yalivyo. Hassan anatamka neno moja tu, "Hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Liache hivyohivyo kila linapotokea, na baada ya kurasa chache watoto watalitamka pamoja naye. Kama kuna mtoto ajuaye Kisomali na amejitolea kurekebisha matamshi yako, mpe nafasi. Kama hajajitolea, usimgeukie.

Usiigize lafudhi ya mtu yeyote. Badilisha kasi na uzito wa sauti, inatosha kutofautisha wahusika.

Soma kama dakika 20, kisha simama mahali penye uamuzi. Katika kitabu hiki mahali hapo ni dhahiri: Omar anapewa nafasi ya kwenda shule, lakini Hassan hawezi kubaki peke yake kwa urahisi. Funga kitabu. Wagawe watoto pande mbili za mkeka, wanaosema aende na wanaosema abaki, kila mmoja atoe sababu, na aruhusiwe kuhama upande akishawishika. Huo ndio uhai wa somo zima.

Wakubwa zaidi, kuanzia kidato cha tatu, wanaweza kwenda kwenye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf wa Peponi ana miaka 12 anapochukuliwa kwao kwa deni la baba yake. Chagua sehemu anapokaa kwa Hamid, ambapo Hamid Mwislamu na fundi Kalasinga wanabishana juu ya dini, wanatukanana kirafiki na kubaki marafiki. Kitabu kizima kina mambo ya watu wazima, kwa hiyo wewe chagua kurasa, usiwaachie wadogo.

Hatua ya 7: Maswali ya kuuliza, na ya kutouliza

Maswali mabovu ni mawili, na yote huja haraka mdomoni. La kwanza: "Mnajisikiaje mkiona watu wanateseka hivi?" Jibu lake ni moja, na kila mtoto analijua kabla hujamaliza kuuliza. La pili ni kumgeukia mtoto fulani: "Wewe ambaye kwenu ni Burundi, hebu tueleze." Hilo sitaki lisikike kabisa kwenye klabu. Hukumwalika mtoto huyo aje kuwa maonyesho. Akitaka kusimulia atasimulia, pengine mwezi wa tatu wa klabu, pengine akiwa anakunja mkeka na wewe.

Maswali mazuri yanashika kitu. Alibeba nini? Nani alimdanganya? Kwa nini alikataa kula? Ungekuwa dada yake ungemjibu nini? Mwandishi ameficha nini ambacho sisi tungependa kujua?

Methali zetu nazo ni hazina hapa. Andika ubaoni: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uliza: katika kambi, Omar amepewa jembe? Wengi wataanza kwa kusema wakimbizi wanakula chakula cha bure. Waeleze basi kanuni za kambi, kwamba wakimbizi wa Dadaab hawakuruhusiwa kutoka wanavyotaka kwenda kutafuta kazi. Mara ya kwanza nilipotumia methali hii, mvulana mmoja alisema, "Jembe lenyewe wamelificha, halafu wanasema anakula bure." Mwingine akajibu kuwa shule ndiyo jembe lake. Wakabishana mpaka uji ukapoa.

Usimalize kwa kuwaambia tulichojifunza leo. Waache waondoke na ubishi wao.

Hatua ya 8: Nendeni Tengeru

Tengeru iko kama kilomita 13 kutoka mjini kwenye barabara ya Moshi, na daladala zinapita kutwa. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo yako makaburi ya Wapolandi. Ombeni ruhusa kabla ya siku, na mkifika salimianeni vizuri na mlinzi. Mnapoingia makaburini watoto wajue wanakwenda kwa watu, hawaendi matembezi ya bustani.

Wasimulie hivi kabla ya safari. Februari 1940 utawala wa Kisovieti ulianza kuzihamisha kwa nguvu familia za Kipolandi, zikapakiwa kwenye treni za mizigo kuelekea Siberia na Asia ya Kati. Baada ya makubaliano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Poland na Wasovieti waliachiwa, maelfu yao wakashuka hadi Iran, na kuanzia mwaka 1942 wengine wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliishi katika nyumba ndogo za mviringo, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengi wakaenda nchi nyingine, wachache wakabaki.

Safari hii hufanya kazi ambayo hakuna kitabu nilichonacho kinaifanya. Katika vitabu vingi Mwafrika ndiye anayekimbia na Mzungu ndiye anayepokea. Hapa mtoto wa Arusha anasimama mbele ya kaburi la mtoto wa Kizungu aliyekimbilia Arusha, na picha aliyokuwa nayo kichwani haiwezi kubaki vilevile.

Pale makaburini mpe kila mmoja kazi moja: achague jiwe, anakili jina kama lilivyoandikwa, apige hesabu ya umri. Mkirudi waandike barua ya msichana wa miaka 11 anayeuona Mlima Meru kwa mara ya kwanza. Weka masharti: barua iwe na kitu kimoja anachokichukia hapa, swali moja analotaka kumuuliza mtoto wa Kimeru anayepita njiani, na utani mmoja. Neno "maskini" ni marufuku.

Hatua ya 9: Watoto watunge vitabu vyao

Kwa kuwa vitabu ni vichache, klabu itunge vyake. Kila mtoto amtafute mzee mmoja aliyehama, awe bibi, jirani, mpangaji au mwalimu mstaafu. Aende na daftari, aombe kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, kaa hapo."

"Bibi, naomba unisimulie siku mliyofika Arusha. Tunaandika klabuni."

"Siku nzima? Mbona ndefu, mwanangu."

"Basi usiku wa kwanza tu, bibi."

Mfundishe mtoto kuomba kipande kidogo namna hiyo. Ukiomba maisha yote unapewa hotuba, ukiomba usiku wa kwanza unapewa kinu kilichofungwa juu ya basi, chumba cha kupanga mtaa wa Unga Limited na majirani walioleta makaa. Mpe maswali matano ya kushika: Ulibeba nini? Ulilala wapi? Ni chakula gani ulikikosa? Nani alikufungulia mlango wa kwanza? Ulicheka nini?

Rasimu isizidi kurasa tatu za daftari, na isimulie siku moja tu. Mtoto airudishe kwa mzee, amsomee kwa sauti. Mzee ana haki ya kufuta chochote, hata sentensi tamu kuliko zote, na jina lake linaweza kubadilishwa. Hilo halina mjadala, hasa kwa familia ambazo makaratasi yao ya ukaazi hayajakaa sawa.

Kitabu chenyewe ni rahisi. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Kata manila iwe kava, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba, pitisha sindano na uzi wa kushonea viatu: anzia ndani, toka tundu la kati, ingia la juu, shuka utoke la chini, rudi ndani kwa la kati, funga fundo ndani. Stepla hutoka baada ya wiki, uzi unakaa. Hadithi mbili au tatu bora, kwa idhini ya mzee na mzazi, zinaweza kuwekwa kwenye jukwaa la hadithi huria ili mtoto wa Mwanza au Mombasa azisome.

Hatua ya 10: Mambo yakienda kombo

Mtoto akimcheka mwenzake kwa matamshi au asili yake, simamisha kusoma papo hapo. Sema kwa sauti ya kawaida kuwa hapa hatufanyi hivyo, endelea, kisha zungumza na aliyecheka pembeni. Ukimgombeza mbele ya watu, aliyechekwa ataadhibiwa baadaye njiani.

Mtoto akilia, msaidizi wako atoke naye nje, wakae bila maswali, na ndiyo maana msiendeshe klabu mkiwa kiongozi mmoja. Mzazi wake ajulishwe siku hiyohiyo. Likijirudia, mshirikisheni mwalimu wa malezi na unasihi wa shuleni kwake au ofisi ya ustawi wa jamii. Klabu ya vitabu haitibu majeraha ya vita.

Mzazi akilalamika kuwa unamsomesha mtoto wake dini au siasa za watu wengine, mkaribishe aketi kwenye mkeka Jumamosi moja na asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikataa bado, mtoto ni wake.

Mtoto mpya akijiunga katikati ya muhula, usimsimamishe ajieleze ametoka wapi. Mpe kitabu ashike, mwonyeshe ukurasa mliofikia, na umpe mtoto mmoja kazi ya kumsimulia yaliyopita.